Mmoja kwa Kina, Wengine kwa Ukoo

Kila anayeanza kucheza gemu za timu za kushindana hufika mahali akauliza swali lile lile: nimshike mhusika mmoja mpaka nimmalize, au nijifunze wengi nisije nikakwama? Si swali la kitoto. League of Legends, iliyotoka mwaka 2009, sasa ina wahusika zaidi ya 160. Dota 2 ina mashujaa zaidi ya 120. Hakuna mwenye muda wa kuwajua wote kwa kiwango cha kuwategemea siku ya mashindano, na bado yeyote kati yao anaweza kutokea upande wa pili wa ramani.

Wengi hujibu kwa methali: mshika mbili moja humponyoka. Lakini katika gemu hizi mpinzani ana haki ya kukunyang'anya hata ile moja kabla mchezo haujaanza. Kwenye michezo ya ranki ya League, ile ya kupanda au kushuka daraja, kila timu hufungia wahusika watano wasichaguliwe na yeyote. Wa kwako akiwa miongoni mwao, methali haikusaidii tena. Unabaki na mikono mitupu na wenzako wanne wanaokutegemea.

Msimamo wangu nautaja mapema, kisha nitaueleza. Naamini kina kinatangulia. Siamini hivyo kwa sababu ubingwa wa mhusika mmoja ndio mwisho wa safari. Naamini hivyo kwa sababu wepesi wa kubadilika hauzaliwi mahali pengine. Anayewajua wahusika kumi kwa juu juu mara nyingi huitwa mwepesi wa kubadilika, ilhali ukimtazama vizuri utaona hajabadilika popote: anacheza vile vile kila siku akiwa amevaa sura tofauti.

Nimekuwa msaidizi, yaani mchezaji wa kuwalinda wenzake na kuwafungulia njia, kwa miaka mingi, na mhusika niliyemshika kwa kina ni Thresh. Aliingia League mwaka 2013, na bado sijaona mhusika anayefundisha nafasi hiyo vizuri kuliko yeye. Ana ndoano ya kumvuta adui, ana mnyororo wa kusukuma au kurudisha watu, ana taa ambayo mwenzako akiibonyeza inamleta ulipo, na ana kuta za kumnasa anayejaribu kupita. Ndoano yake haitoki papo hapo. Kuna nukta ya kuuzungusha mnyororo kabla ya kuurusha, na adui makini huitumia nukta hiyo kukwepa. Kwa hiyo hurushi pale alipo. Unarusha pale atakapokuwa, na ili ujue atakapokuwa unahitaji kujua anataka nini: anataka kumuua yule askari mdogo (anayeendeshwa na gemu yenyewe) mwenye uhai kidogo? Anakimbilia kichakani? Anaogopa mtu wa msituni, yule mchezaji anayezunguka kati ya njia na kuvizia?

Mwanzoni akili yote iliishia kwenye vidole. Baada ya michezo mingi mno na mhusika yule yule, vidole vikaachiwa kazi yao na macho yakainuka. Nikaanza kuona kwamba adui wa njia ya kati, mojawapo ya njia tatu za ramani, hajaonekana kwa muda, kwamba mshambuliaji wangu hurudi nyuma kila anapobakiwa na uhai nusu, kwamba yule wa upande wa pili ameshatumia uwezo wake wa kuruka na hatakuwa nao kwa dakika kadhaa. Mpiga ngoma anayehesabu kila pigo kichwani hawezi kumsikia mwimbaji. Ni mpaka mikono ihesabu yenyewe.

Kuna elimu ya zamani inayolisaidia jambo hili. Mwaka 1952 mwanasaikolojia wa Uingereza William Hick alionyesha kwamba muda wa mtu kuitikia huongezeka kadiri machaguo yaliyo mbele yake yanavyoongezeka. Hakuwa akizungumzia gemu, ila kila mchezaji anaijua hali hiyo: pambano limelipuka, una uwezo wa aina nne, maadui watano, wenzako wanne, na nusu sekunde. Mgeni wa mhusika anayaona machaguo yote kwa pamoja na anaganda. Mwenyeji wake anaona mawili matatu tu, kwa kuwa mengine ameshayatupa bila kuyafikiria. Kasi tunayoisifia kwa mabingwa kwa sehemu kubwa ni huku kutupa.

Kilichonibadilisha zaidi, hata hivyo, kilikuwa kugundua kwamba sehemu kubwa ya niliyokuwa nikiyaita maarifa ya Thresh haikuwa ya Thresh. Kujua ni lini askari wadogo watasukumwa kuelekea mnara wetu, kujua ni kona gani ya ramani iangaziwe kabla ya joka ambalo timu hulishindania kutokea, kujua kwamba mshambuliaji aliyetoka kununua silaha yake ya kwanza anataka vita sasa hivi: hayo ni ya gemu, si ya mhusika. Ya Thresh mwenyewe yalikuwa machache: urefu wa ndoano, ile nukta ya kuchelewa, pembe ya kurushia taa. Lakini nisingeweza kuyatenganisha mapema. Mtu anayebadilisha mhusika kila jioni hawezi kujua kama alishindwa kwa sababu hakumjua mhusika au kwa sababu hakuijua gemu, kwa kuwa kila kitu kinabadilika kwa pamoja. Ukimweka mhusika mmoja pale pale, kinachobaki kikibadilika ni mchezo wenyewe, na hapo ndipo unapouona.

Sasa upande wa pili, maana mabingwa wa mhusika mmoja nao wana upofu wao, na ni upofu unaotokana na nguvu ile ile.

Mwaka 1942 Abraham Luchins alichapisha majaribio ya kupima maji kwa mitungi. Watu walipewa maswali kadhaa yaliyotatulika kwa njia moja ndefu. Kisha wakapewa maswali yaliyotatulika kwa hatua moja fupi, na wengi wakaendelea kutumia ile njia ndefu, kwa kuwa njia fupi haikuwajia kabisa. Ndivyo ilivyo kwa anayemjua mhusika mmoja peke yake. Mwenye ndoano huiona kila hali kuwa hali ya kurusha ndoano. Timu yake inaongoza, inatakiwa kusubiri tu na kulinda, naye anatafuta pa kuanzisha vita. Mwenye mhusika wa kuponya huliona kila pambano kuwa la kuponya, hata pale ambapo kumsukuma adui mmoja mbali kungelimaliza. Na kibaya ni kwamba anashinda mara za kutosha kumfanya asiitilie shaka njia yake.

Mabadiliko ya gemu nayo hayamsubiri mtu. Wasanidi hutoa masahihisho mara kwa mara, wakipunguza nguvu hapa na kuongeza pale, na mhusika uliyemjengea nyumba anaweza kuamka dhaifu. Aliye na mmoja tu huwa mnyonge wa uamuzi wa watu asiowajua.

Hata hivyo sitaki kuwadharau wenye mkono mmoja mzito. Katika The International, mashindano makubwa kuliko yote ya Dota 2, mwaka 2013, Alliance ya Sweden ilitwaa ubingwa kwa kuifunga Natus Vincere 3–2, na mchezaji wake Henrik Ahnberg, anayejulikana kama AdmiralBulldog, alikuwa na sifa ya kutisha kwa mashujaa wawili hasa: Nature's Prophet na Lone Druid. Wote walilijua hilo. Mpinzani akiwafungia hao wawili, ametumia nafasi zake za kufungia kwa mtu mmoja, na wenzake wanne wanachagua kwa raha. Asipowafungia, anakutana nao. Kina cha namna hiyo kinafanya kazi hata kabla ya mchezo kuanza. Lakini angalia sharti lake: kinafaa pale ambapo wenzako wanne wako tayari kupanga kila kitu kukizunguka. Katika michezo ya ranki, ukiwa na watu msiojuana, sharti hilo ni nadra kutimia.

Basi tunatokaje kwenye mmoja kwenda kwenye wengi bila kupoteza tulichokijenga? Naanza na namna ya kufanya mazoezi, kwa kuwa hapa wengi hudanganywa na hisia zao. Mwaka 1979 watafiti Shea na Morgan waliwafundisha watu miondoko mitatu ya mkono. Kundi moja lilirudia mwondoko mmoja mpaka likaumaliza, kisha likaenda wa pili, kisha wa tatu. Kundi jingine lilichanganya yote bila mpangilio. Wakati wa mazoezi, waliorudia walionekana bora zaidi. Walipopimwa baadaye, hata siku 10 baadaye, waliochanganya ndio waliokumbuka vizuri, na walimudu vizuri zaidi mwondoko mpya ambao hawakuwahi kuufanya.

Siyachukui matokeo hayo kama ruhusa ya kuruka ruka kati ya wahusika 30. Ilikuwa miondoko mitatu, si 30. Ninachojifunza ni kwamba starehe ya kurudia ni kipimo kibovu. Jioni ambayo kila kitu kinateleza kwa mhusika wako wa siku zote huenda ndiyo jioni uliyojifunza kidogo kuliko zote. Kwa hiyo nakaa na mhusika mpya mfululizo mpaka vidole vijue njia, kisha kabla sijamzoea kabisa namchanganya na wale nilionao: mchezo huu huyu, mchezo ujao yule. Inaudhi. Unahisi umerudi nyuma. Lakini ndiyo hali halisi ya mashindano, ambapo hujui utampata nani mpaka dakika ya kuchagua.

Halafu kuna suala la nani awe wa pili. Watu huchagua kwa kuvutiwa, au kwa sababu wamemwona mtu maarufu akimtumia. Mimi naangalia mambo mawili, ukoo na pengo.

Ukoo ni kwamba kuna wahusika wanaorithi karibu yote uliyoyajua tayari. Kutoka Thresh kwenda Nautilus ni safari fupi: naye ana kitu cha kurusha na kuvuta, ila nanga yake ikigonga ukuta inamvuta yeye mwenyewe, na hapo anapata njia ya kutoroka ambayo Thresh hana. Leona naye anaanzisha vita, lakini upanga wake hupita katikati ya askari wadogo, wakati ndoano husimamishwa nao. Tofauti hiyo moja tu inabadilisha unaposimama njiani: kwa ndoano unatafuta upenyo kati ya askari, kwa Leona unatafuta umbali tu. Kwa hiyo unapojifunza ndugu wa mhusika wako unajifunza pia kitu kuhusu yule wa kwanza. Sikuwahi kufikiri sawasawa kuhusu askari wadogo kama ngao mpaka nilipomshika mtu asiyejali kama wapo.

Pengo ni kinyume chake. Thresh, Nautilus na Leona wote wanaumia timu yangu inapokuwa na mshambuliaji mmoja mwenye nguvu nyingi anayehitaji tu kulindwa. Hapo wa tatu hatakiwi kuwa ndugu. Anatakiwa kuwa mgeni kabisa. Lulu, kwa mfano, ambaye kazi yake ni kumkinga mwenzake na kumgeuza adui kuwa mnyama asiye na madhara. Kumjifunza Lulu kulikuwa kugumu kwangu kuliko nilivyotarajia, na ugumu haukuwa vidoleni. Ulikuwa katika kungoja. Thresh anauliza swali, Lulu anajibu. Ilinilazimu kujifunza kukaa na uwezo mkononi bila kuutumia mpaka adui ajifunge mwenyewe, na subira hiyo niliporudi nayo kwa Thresh ilinifanya nirushe ndoano chache na zilizo bora.

Kwa watu wengi watatu wanatosha: mmoja wa kina, ndugu mmoja wa kumrithi akifungiwa, na mmoja wa kuziba pengo. Siitoi kama sheria, kwa kuwa gharama ya wahusika hailingani. Invoker wa Dota 2 huunda uwezo 10 tofauti kwa kuchanganya aina tatu za tufe, na kila mchanganyiko lazima ukae vidoleni. Meepo anataka umwongoze zaidi ya mmoja kwa wakati mmoja. Atakayechagua mmoja wa hao kuwa wa kina amelipa karibu bajeti yake yote, na anayemjazia hapo wa pili na wa tatu aangalie awe mwepesi wa mikono.

Mfano ninaoupenda kuliko yote katika jambo hili ulitokea Oktoba 2016, nusu fainali ya mashindano ya dunia ya League, katika ukumbi wa Madison Square Garden jijini New York. SK Telecom T1 (SKT) walikuwa wakimtumia Zyra kama msaidizi, mhusika wa kuotesha mimea inayopiga. ROX Tigers wakamjibu kwa Miss Fortune katika nafasi ya msaidizi, ilhali huyo ni mshambuliaji wa bunduki, na risasi zake zikaifagia mimea kirahisi. Ukumbi mzima ulishangaa. ROX wakaongoza 2–1.

Kisha SKT wakamwingiza Bengi, mtu wao wa msituni wa tangu zamani, kwa mchezo wa nne. Jina lake lilijengwa juu ya wahusika wa kuwatumikia wenzake, wa kulinda na kusoma ramani. Akachagua Nidalee, mhusika wa mikuki na miruko ambaye alikuwa hajawahi kumtumia jukwaani. SKT wakashinda mchezo huo, wakashinda na wa tano, na baadaye wakawa mabingwa wa dunia.

Nimeyarudia mapambano hayo kuyatazama mara nyingi, na naona watu huyasimulia kama miujiza. Kwangu ni ushahidi wa kina. Mikuki ya Nidalee ilikuwa ngeni kwa Bengi mbele ya umati, lakini msitu haukuwa mgeni hata kidogo. Alijua adui yuko wapi bila kumwona, alijua njia ipi itahitaji msaada na lini. Alichoongeza usiku ule ni sehemu ndogo tu, ile sehemu ya mhusika. Na Miss Fortune wa ROX vivyo hivyo: GorillA, msaidizi wao, hakuokota mhusika hewani, alikuwa na swali mahususi lililoitwa Zyra na akatafuta jibu lake. Pande zote mbili zilibadilika kwa kusudi.

Jambo lenyewe, ukilitazama kwa jicho la timu, hugeuka tena. Wepesi wa kubadilika unaweza kuwa mali ya timu bila kuwa mali ya kila mchezaji. Overwatch, gemu ya kupiga risasi iliyotoka 2016, ilijengwa juu ya kubadilisha mhusika katikati ya mchezo, na hapo mtu aliyeng'ang'ania mmoja aliwaumiza wenzake wazi wazi. Lakini ulipokuja mtindo wa GOATS, matanki watatu (wahusika wa kupokea mapigo) na wasaidizi watatu bila mshambuliaji wa kawaida, wachezaji waliojenga maisha yao juu ya kulenga shabaha walijikuta wakishika Brigitte na Zarya. Waliofaulu walikuwa wale waliojua pambano linaanzaje na linaishaje, si wale waliojua shabaha tu. Mwaka 2019 Blizzard, watengenezaji wa gemu hiyo, wakaweka sheria ya nafasi: matanki wawili, washambuliaji wawili, wasaidizi wawili. Niliipokea vizuri, kwa kuwa iliweka uwanja wa kubadilika wenye mipaka: badilika, lakini ndani ya kazi yako. Valorant nayo, gemu nyingine ya risasi, ingawa mhusika habadiliki mchezo ukishaanza, inauliza swali hilo hilo kwa upole: wanne wameshachagua, nani atamchukua mhusika wa kuwasha moshi wa kuwaziba maadui macho?

Mwaka huo huo wa 2019, timu ya OG ilitwaa The International ya Dota 2 kwa mara ya pili mfululizo, jambo ambalo hakuna timu iliyokuwa imelifanya. Mchezaji wao anayejulikana kwa jina la “ana” alimtumia Io kama mbebaji wa timu, yule anayetegemewa kuimaliza mechi, shujaa ambaye kwa kawaida hukaa na mwenzake na kumsaidia. Mchezaji huyo hakuacha kazi yake ya kubeba, alibadilisha chombo. Mpinzani akimwona Io anachaguliwa hakujua bado ni wa nani, na kutojua huko kulikuwa sehemu ya silaha.

Tangu 2025 ligi kubwa za League zimechukua utaratibu ambao mhusika akishatumiwa katika mchezo mmoja wa mfululizo hawezi kurudi katika mfululizo huo, kwa timu yoyote. Mkifika mchezo wa tano, 40 wameshaondoka, na 10 zaidi wanafungiwa. Wengine walisema huu ndio mwisho wa ubingwa wa mhusika mmoja. Kwa wale wa ngazi za juu labda ni kweli, ingawa mchezaji kama Faker, bingwa maarufu wa Korea Kusini, ambaye mwaka 2024 pale London aliumaliza mchezo wa tano wa fainali ya dunia ya League kwa Galio, mhusika wa kumrukia mwenzako aliye hatarini, alikuwa ameshaishi hivyo miaka mingi kabla sheria haijamlazimisha. Kwa sisi wa ranki za kawaida sheria hiyo haipo, na sioni sababu ya kujifunza kana kwamba ipo.

Kilichobaki ni kujua wakati wa kumwacha mhusika, na hapa huwa siangalii kama ninashinda naye. Naangalia kama bado ninashindwa kwa namna mpya. Mhusika anayenipa makosa mapya bado ana kitu cha kunifundisha, hata akiwa dhaifu kwa msimu huu. Anayenipa makosa yale yale niliyokwisha kuyaelewa, na siwezi kuyazuia kwa sababu ni mipaka yake na si yangu, huyo namweka pembeni hata nikiwa nampenda, namfungulia nafasi ndugu yake. Kwa sasa aliyechukua nafasi hiyo kwangu ni Rakan: ana mruko wa kuanzisha vita kama Leona na ngao ya kulinda kama Lulu, na bado sijui ni kipi kati ya hivyo viwili kinatakiwa kutangulia pambano linapoanza upande wa joka huku mshambuliaji wetu akiwa nyuma hatua mbili.